Talaka ya Ghislaine

Ghislaine alijua kwamba mke wake anaolewa siku alipoletewa kitambaa cha sare ya harusi.

Walikuja akina mama wanne wa kanisa, asubuhi tu, wamebeba kitenge cha zambarau kwenye mifuko ya nailoni, wakakaa kwenye benchi letu kama watu wanaojua wanachotaka. Duka letu liko chini ya jengo moja la ghorofa hapa Albert Park, Afrika Kusini, katikati ya saluni na kijana anayetengeneza simu. Mimi ni Tina, mtu wa Kigoma. Cherehani yangu iko mlangoni kwenye mwanga, ya Ghislaine iko ndani, penye meza ya kukatia. Aliwapima mmoja mmoja, akinitajia vipimo niandike. Alipofika kwa wa nne, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, akamuuliza kwa mazoea tu harusi yenyewe ni ya nani.

"Ya Ndugu Serge, ule alifiwa na bibi," mama akajibu; Wakongo mke humwita bibi. "Mungu amemukumbuka. Anaoa Matilda."

"Matilda gani?"

"Ule anakaa Queensburgh, kwa pasteur. Mwenye sauti. Ngoja nikuonyeshe."

Akatoa simu, akaonyesha picha. Ghislaine aliitazama. Akaitoa tepu kiunoni mwa yule mama, akaikunja polepole, akaiweka mezani.

"Huyu iko na ndoa," akasema.

"Ndoa na nani?"

"Na mimi."

Walicheka kwanza. Kisha wakamtazama usoni, na kicheko kikakatika. Mdogo wao akaanza kukusanya vitenge, akavirudisha mifukoni bila kuvikunja. Yule mnene alibaki amesimama mikono imenyooka pembeni, bado yuko katika mkao wa kupimwa.

"Mashetani," akasema mwishowe, wakatoka.

Ghislaine alikwenda uani kwa nyuma, kwenye bomba, akafungua maji na kuyaacha yamwagike. Nilimfuata. Nilidhani analia, kumbe anatukana. Alitukana Kifuliiru cha kwao, Kiswahili, Kifaransa, na alipoishiwa akaongeza matusi ya Kizulu aliyojifunza kwenye teksi.

Niwaambie walivyooana, maana watu wengi hapa mjini wanaisema habari hii wasiyoijua.

Ghislaine ni wa Uvira, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Matilda ni wa Bukavu, mrefu, mpole, na akiimba hata madereva wanazima redio. Walikutana kwenye foleni ya vibali vya wakimbizi, wakapanga chumba pamoja ghorofa ya saba, na watu wakawaita binamu. Neno hilo Ghislaine hakulipenda hata siku moja. Mtu akimwambia, "Msalimie binamu yako," yeye anajibu, "Mke wangu, nitamsalimia," na Matilda anamfinya mkono. Watu walicheka wakidhani ni utani wake.

Sheria ya Afrika Kusini inawaruhusu wanawake wawili kuoana tangu mwaka 2006. Lakini wakati ule wao walipokwenda, ofisa wa serikali aliweza kukataa kuwafungisha ndoa akisema dhamiri yake haimruhusu. Kifungu hicho kimeshaondolewa. Kilipokuwepo kiliwatesa watu. Walipoenda mara ya kwanza, ofisa aliwatazama akasema hapa hatufanyi hayo, nendeni kwingine. Huko kwingine wakaambiwa mwenye kazi hiyo yuko likizo, na hakuna aliyejua atarudi lini. Matilda alitaka kuacha. Ghislaine akamwambia, "Vita tulivikimbia. Huyu mtu wa dirishani simkimbii."

Walipojaribu tena walimpata mama mmoja mnyamavu, akazipokea karatasi zao bila kuinua nyusi. Aliwauliza jambo moja: mnataka iandikwe ndoa, au ushirika wa kiraia? Akaeleza kwamba haki ni zilezile, jina tu ndilo linatofautiana. Ghislaine alisema lolote, ilimradi tumalize. Matilda ndiye aliyesema, "Ndoa. Siwezi kumwambia mama yangu kwamba nimefanya ushirika, kama watu wanaofungua duka."

Nilikuwepo. Nilitia sahihi kama shahidi, mimi na dada mmoja Mzulu tuliyemwomba pale pale kwenye foleni. Alikuwa amefuata kitambulisho chake, akaishia kupiga vigelegele.

Mambo yalianza kuharibika mama yake Matilda alipougua huko Bukavu. Kaka zake walikuwa wakipiga simu kumwambia kwamba ugonjwa ule unatoka kwake. Kisha Matilda akampata Pasta Urbain, ambaye kanisa lake linakutana kwenye ukumbi juu ya duka la makochi. Pasta alimwambia ugonjwa wa mama una mlango, na mlango ni ile nyumba anayolala. Matilda akaanza kufunga na kuomba. Baadaye akaenda Queensburgh, kwenye nyumba ya pasta, akisema anahitaji kupumzika kidogo. Mama alikufa hata hivyo. Matilda hakurudi.

Ghislaine alimngoja kama mtu anayemngoja mgonjwa wake atoke hospitali. Alimtumia sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu. Alimlipia simu. Akiulizwa anasema, "Mke wangu iko msibani." Mpaka siku ya vitenge.

Jumapili ile tulikwenda kanisani, mimi na yeye. Hakutaka fujo ndani ya ibada, tukangoja kwenye ngazi mpaka watu wakatawanyika. Ofisini tulimkuta Pasta Urbain na mkewe, na Matilda ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho yake kwenye mkoba wake.

"Dada Ghislaine, karibu," pasta akasema. "Tulikuwa tunataka kukuita."

"Kuniita, ao kunishonesha nguo ya harusi ya bibi yangu?"

"Ukae kwanza."

"Sikai."

Pasta ni mtu wa sauti ya chini. Alieleza kwamba mbele ya Mungu hakuna kilichofanyika kati ya wanawake hawa wawili, ile ni karatasi tu ya wazungu.

"Basi kama ni karatasi, mumufungishe ndoa," Ghislaine akasema. "Munangoja nini?"

Ukweli ulitoka baadaye: walishajaribu. Walipeleka majina ya Serge na Matilda serikalini, na kompyuta ikajibu kwamba Matilda yuko kwenye ndoa. Ile kompyuta ambayo haijawahi kumpenda mkimbizi ndiyo iliyowakatalia.

Ndipo pasta akasogeza karatasi mezani. Ilikuwa hati ya kiapo ya Matilda, kwa Kiingereza, ya kuomba mahakama iibatilishe ndoa. Ghislaine alisoma akifuata mistari kwa kidole, na palipomshinda nilimsaidia. Matilda alikuwa ameapa kwamba hawakuishi kamwe kama watu waliooana. Kwamba wao ni binamu waliochangia chumba. Kwamba siku ya kutia sahihi akili yake haikuwa sawa, na Ghislaine alimdanganya ili wapate nyumba. Chini palikuwa na nafasi ya Ghislaine kukubali kwamba yote hayo ni kweli.

Aliposoma mpaka mwisho shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

"Ni weye umeandika hii?" akamuuliza Matilda.

"Walinisaidia kuandika."

"Siku ile, ule mama alituuliza jina la kuandika. Nani alisema ndoa?"

Matilda akafunga zipu ya mkoba wake.

"Nani alisema?"

"Usimusumbue dada," pasta akasema. "Iko kwenye uponyaji."

"Ninaongea na bibi yangu!" Alipiga meza kwa kiganja, chupa ya maji ikaanguka ikaviringika mpaka miguuni kwa mke wa pasta. "Anataka kwenda, aende. Talaka nitamupa hata kesho. Lakini hii sitii sahihi."

Mke wa pasta akauliza kwa mshangao wa kweli, "Si ni kitu kimoja? Unamuachilia, anakuwa huru."

"Haiko kitu kimoja, maman. Talaka inasema tulioana, ikaisha. Hii inasema miaka yote nililala na binamu yangu mwenye kichaa."

Tukatoka. Kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, alisimama; taa ya kuvuka ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na yeye hajavuka.

Baada ya hapo wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Wengine hawakusema sababu. Mmoja alisema ameota. Kwaya moja iliyokuwa imetuahidi kazi ya Pasaka ikahamia kwa fundi mwingine. Hayo Ghislaine aliyatarajia. Lililomuuma ni Cathy, rafiki yetu wa siku nyingi, anayeishi na mwanamke mwenzake kimyakimya huko karibu na bandari. Alikuja na maandazi, akaketi, akamshika Ghislaine goti, akimwita yaya, kama dada mkubwa.

"Tia sahihi tu, yaya. Iishe. Wakianza kukutazama weye, kesho watatutazama na sisi."

"Kwa hiyo mimi nikuwe kichaa ili weye ulale vizuri?"

"Sijasema vile."

"Umesema vile. Beba maandazi yako."

Cathy aliyabeba.

Nilimpeleka kwa wakili, kwenye ofisi ya msaada wa sheria ambako mtu halipi. Tulipewa dada mmoja kijana anaitwa Khairoonisa, mzaliwa wa Chatsworth, wa wale Wazanzibari wa huko ambao mababu zao waliletwa zamani. Kiswahili alikuwa nacho maneno machache ya bibi yake mzaa mama, kwa hiyo nilitafsiri. Alisoma ile hati, akavua miwani.

"Huyu ameapa uongo," akasema. "Kuapa uongo ni kosa la jinai. Tunaweza kulipeleka mbele hilo."

Nilimtafsiria Ghislaine. Akatikisa kichwa.

"Sitaki afungwe. Ninataka aseme."

"Aseme nini?"

"Kwamba tulioana. Kisha aende kwa bwana wake."

Khairoonisa aliandika. Akaeleza kwamba atapinga ombi la kubatilisha, na wakati huohuo ataomba talaka ya kawaida, ileile wanayoomba mume na mke wowote katika nchi hii, kwa sheria ileile. Akasema wengi huja pale wakiomba ndoa zao zifutwe kama hazikuwahi kuwepo. Wa kupigania talaka alikuwa hajamwona.

Kabla ya kesi, Serge alikuja dukani. Fundi wa magari, mikono ina mafuta hata akiwa amevaa shati safi. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia apite.

"Maman Ghislaine, nilikuja kuuliza kintu kimoja."

Ghislaine aliendelea kukata.

"Walinielezea mulikaa kama ndugu tu. Na kwamba ulimufunga na dawa. Ni kweli?"

"Anaogopa nyoka hata wa kwenye televisheni," Ghislaine akasema, mkasi unatembea. "Chumvi anakula kama mbuzi. Akiota mama yake anaamka anaimba, hajui kama anaimba. Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Mimi ninajua."

Serge alifikiri. "Hata ndugu anaweza kujua hayo," akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli.

"Basi toka kwa duka yangu!"

Alitoka. Lakini mlangoni aligeuka, akasema yeye amebaki na watoto wadogo, hatafuti ugomvi na mtu, anatafuta mtu wa kukaa naye nyumbani. Nilimhurumia. Ghislaine hakumhurumia, akaniambia huruma yangu niitumie kushonea vifungo.

Siku ya mahakama alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe. Matilda alikaa upande wa pili na wakili wake, na nyuma yao Pasta Urbain na wazee wawili wa kanisa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye haraka, mafaili yamejaa mbele yake. Kwa kuwa Kiingereza cha Ghislaine ni cha dukani, mahakama ilimwekea mkalimani, mwanamume wa kwetu, suti nzuri, sauti laini.

Khairoonisa alimuuliza ana uhusiano gani na Matilda.

"Matilda ni mke wangu," Ghislaine akasema. "Tulioana, tukaishi pamoja nyumba moja, kitanda kimoja, mpaka aliponiacha."

Mkalimani akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza kwamba shahidi anasema Matilda ni ndugu yake, na walikuwa wakikaa nyumba moja.

Ghislaine hakuelewa yote. Lakini neno la Kiingereza la mke analijua, alilisubiri kwa masikio yote mawili, na hakulisikia.

"Hapana! Sikusema ndugu! Sema mke!"

"Maman, heshimu mahakama," mkalimani akamwambia kwa Kiswahili, chini kwa chini.

"Heshimu kinywa changu kwanza! Sema mke!"

Hakimu akauliza kuna nini. Mkalimani akajibu kwamba shahidi amepandwa na hisia. Khairoonisa alisimama kupinga, lakini angemthibitishia hakimu kwa Kiswahili gani? Mimi nilisimama nyuma nikainua mkono kama mtoto wa shule, askari wa mahakama akaniambia kaa. Ghislaine alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, anarudia neno moja tu, mke, mke, mke, na machozi sasa yalikuwa yanatoka, ya hasira, anayafuta kwa kiwiko.

Ndipo Matilda aliposimama. Wakili wake akamvuta mkono wa nguo, hakukaa. Kiingereza chake ni kizuri, alifanya kazi hotelini.

"Amesema mke," akamwambia hakimu. "Hakusema ndugu. Amesema mimi ni mke wake."

Hakimu akamtazama juu ya miwani, akamkumbusha kwamba zamu yake ya kusema haijafika, na kwamba kwenye kiapo chake mwenyewe ameandika wao ni binamu. Akamuuliza kama angependa kuzungumza na wakili wake kwanza.

"Hapana," Matilda akasema. "Ni kweli. Tulioana. Mimi ndiye niliyeondoka."

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Pasta Urbain alikuwa anatoka.

Ombi la kubatilisha liliondolewa. Mkalimani akabadilishwa, akaletwa dada mmoja wa Kikenya aliyetafsiri kila kitu mpaka pumzi. Hakimu aliuliza yale wanayoulizwa watu wote: mlioana lini, mna watoto, kuna tumaini la kurudiana? Ghislaine alijibu hakuna. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameachana kisheria.

Kwenye korido Matilda alimfuata.

"Yaya Ghislaine, unisamehe."

"Usiniite yaya. Siko dada yako."

"Ghislaine. Unisamehe."

"Leo hapana."

Nilidhani atatoka pale akiwa mwepesi. Wapi. Njia nzima alifoka: kwa nini neno moja limetaka wakili, na hakimu, na wakalimani wawili? Jumapili tukasikia kwamba pasta amewatangazia waumini kuwa mnyororo umekatika mahakamani, na watu wakapiga makofi. Ghislaine alitaka kwenda, nikafunga duka kwa ndani nikakalia funguo. Badala yake tuliandika malalamiko dhidi ya yule mkalimani. Walitujibu kwamba wameyapokea. Mpaka leo wameyapokea.

Matilda alikuja kuchukua vitu vyake Jumamosi moja, mchana. Serge alibaki chini kwenye gari. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, kwa hiyo tulibeba kwa ngazi, sisi watatu. Godoro la wageni lilishuka salama. Masanduku yalishuka salama. Kwenye ghorofa ya nne walianza kugombania sufuria kubwa ya kusongea bugali.

"Hii nilinunua mimi," Ghislaine akasema.

"Ulinunua ya kwanza, ikaungua. Hii ni yangu."

"Nani aliiunguza?"

"Ni weye! Ulikuwa kwa simu na watu wako wa Uvira!"

"Na weye ulikuwa wapi? Kwa kioo!"

Kila mmoja ameshika mkono wake wa sufuria, wanapigiana kelele, milango inafunguka, watu wanachungulia, kuna mama alitoka na mtoto mgongoni akaketi kabisa kwenye ngazi asikilize. Wakahamia kwenye pazia, kutoka pazia wakaenda kwa shangazi fulani aliyekuja kukaa wiki akakaa mwaka, na nani alimkaribisha. Mimi nilitua ndoo niliyobeba nikangoja. Hakuna aliyewatajia ubinamu siku ile.

Mwishowe Matilda aliiachia sufuria. Akashuka na kapu lake la vikombe, na Ghislaine akasimama kwenye uwazi wa ngazi akimwita kwa ile sauti yake, kwamba amesahau viatu vya mvua, arudi avichukue, yeye si mtumishi wa kumshushia.

Matilda alirudi, akavichukua, wakapishana kwenye ngazi.

Harusi yake na Serge ilifanyika mwezi wa kumi na mbili. Ghislaine alifanya kazi siku nzima, akavunja sindano mbili, na jioni akaniambia niende nyumbani, yeye bado ana pindo la kumaliza.